Waacheni Vijana Wakate Nyimbo

Limezuka tangazo katika baadhi ya sharika zetu, na linazidi kuenea. Husomwa baada ya matangazo ya ndoa na kabla ya taarifa ya sadaka: ni marufuku kurekodi kwaya kwa simu, na ni marufuku kukata nyimbo za kwaya kuwa milio ya simu na kurushiana. Sababu zinazotolewa ni mbili. Ya kwanza, huo ni wizi wa jasho la kwaya. Ya pili, ni kuunajisi wimbo wa Mungu, kwa kuwa simu huita popote, hata baa, hata chooni. Sisi tunasema tangazo hilo halifai. Sababu yake ya kwanza inamchanganya mwizi na mshirika, na sababu yake ya pili inapingana na Katekisimo tunayowafundisha watoto wa kipaimara. Tena nyuma ya sababu zote mbili limejificha jambo zito zaidi, nalo ni imani inayokua taratibu kwamba wimbo wa kanisa ni bidhaa kwanza, na Injili baadaye.

Tueleze kinachofanyika, maana wengi wanaokipinga hawajakitazama kwa karibu. Kijana huirekodi kwaya ya usharika wake ikiimba, au huchukua wimbo kutoka albamu aliyoinunua mama yake. Kwa programu ya bure ya kukatia sauti anatafuta sekunde 30 zinazomgusa. Mara nyingi ni pale besi wanapoitikia, au kibwagizo cha mwisho kwaya inapopandisha sauti. Anaondoa kikohozi cha mwanzo, anaipunguza sauti mwishoni ili mlio usikatike ghafla, anauhifadhi. Kisha anaurusha kwa Bluetooth kwa mwenzake wa benchi moja, au kwa WhatsApp kwa shangazi aliyeko Mwanza. Shangazi akiwa na simu ya kitochi, mtoto wa jirani ataupokea kwa niaba yake na kumwekea kwenye kadi ya memori. Hakuna shilingi iliyopita mkononi mwa mtu.

Wala kazi hii si ngeni. Simu ya Nokia 3310, iliyotoka mwaka 2000, ilikuwa na sehemu ya kutungia milio, na wengi wa rika letu waliketi wakibonyeza noti moja moja mpaka simu ikatoa tuni ya utenzi waliyoizoea tangu shule ya Jumapili. Ilikuwa sauti moja nyembamba, isiyo na maneno, lakini aliyeisikia aliujua utenzi na kumalizia maneno mwenyewe. Wakati ule hakuna baraza la wazee lililomwita mtu mwizi. Sasa mlio umepata maneno na sauti nne, ndipo ugomvi unaanza. Tuni ilipoanza kuuzwa, ikaanza kulindwa.

Tulitazame shtaka la wizi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi na mwimbaji, nasi hatumshauri Mkristo yeyote aivunje; Warumi 13 ingali katika Biblia zetu. Mwenye wimbo ana haki ya kusema nani anakili na nani asinakili. Lakini haki hiyo ina mikono miwili: mmoja wa kukataza na mmoja wa kuruhusu. Tangazo linatumia mkono wa kukataza peke yake. Kwa hiyo katika insha hii hatubishani na sheria, wala hatuwachochei vijana. Tunasema na wenye wimbo wenyewe, yaani kwaya, walimu wa kwaya na mabaraza ya wazee, na tunawauliza: ninyi mliopewa mamlaka ya kuruhusu, mbona hamruhusu?

Wapo watu watatu ambao tangazo limewafunga kamba moja. Wa kwanza ni mwenye kibanda pale stendi, mwenye kompyuta iliyojaa albamu asizozinunua, anayetoza kwa kila wimbo anaouingiza kwenye kadi ya mteja. Huyo anavuna asipopanda, na Amri ya Saba inamhusu bila tafsiri ndefu. Wa pili ni mama aliyenunua albamu kwa fedha yake, akamwomba mwanawe amkatie kipande kidogo kiwe mlio wa simu yake. Wa tatu ni kijana aliyerekodi ibada ya Pasaka, usharika mzima ukiimba utenzi kutoka Mwimbieni Bwana, akamtumia bibi yake mgonjwa. Utenzi ule ni jasho la kwaya ipi? Sauti zile ni za wazee wa kanisa, wanawake, watoto waliobebwa mgongoni na mchungaji asiyejua kushika ufunguo. Sheria inayowapiga watu hawa watatu kwa fimbo moja imeshindwa kazi ya kwanza ya sheria, ambayo ni kutofautisha.

Sisi Walutheri tuna sababu ya pekee ya kuwa waangalifu hapa, kwa kuwa kanisa letu lilikua kwa nyimbo zilizopita mkono kwa mkono. Kitabu cha kwanza cha nyimbo cha Matengenezo kilichapwa Nürnberg mwaka 1524, kikiwa na nyimbo 8 tu, 4 kati yake za Martin Luther. Mwaka huohuo wachapaji wawili wa mji wa Erfurt walitoa kila mmoja kitabu chake cha nyimbo, na vitabu hivyo vilikaribia kuwa kitu kimoja. Kabla ya vitabu, nyimbo zilitembea katika karatasi moja moja, zikanakiliwa na kuimbwa sokoni na majumbani. Mjini Magdeburg, mwaka 1524, mfumaji mmoja mzee alisimama sokoni akiimba nyimbo za Luther na kuwauzia watu karatasi zake. Meya akamtia gerezani, wananchi wakaandamana kumdai, akatolewa. Kanisa linalojivunia mfumaji yule haliwezi kuwatisha wajukuu wake wa leo kwa sababu karatasi imegeuka kuwa simu.

Tutaambiwa: lakini hata Luther aliwalalamikia walionakili kazi zake. Ni kweli, na tunaomba lalamiko hilo lisikilizwe lote. Mwaka 1525 aliwaandikia wachapaji onyo kali, kwa sababu muswada wa mahubiri yake ulikuwa umeibwa katika nyumba ya uchapaji na kuchapwa mahali pengine kabla haujakamilika. Alilia mambo mawili. La kwanza, kazi ilikuwa imeharibiwa kwa makosa hata yeye mwenyewe asiitambue. La pili, mchapaji aliyegharamia kazi alikuwa ameingizwa hasara na mwenzake mwenye tamaa. Miaka michache baadaye, katika dibaji mpya ya kitabu cha nyimbo cha Wittenberg, alirudi kwenye jambo la kwanza: nyimbo zilikuwa zinabadilishwa kila zinapochapwa upya, hivyo akaamua majina ya watunzi yaandikwe. Luther alilinda usahihi wa wimbo, jina la mtunzi na gharama ya mchapaji. Yeye mwenyewe hakuwa akichukua malipo kwa maandishi yake, wala hakumzuia mtu kuuimba wimbo na kumpa jirani. Anayetaka kumtumia Luther dhidi ya mwenye kibanda, tunampisha. Anayetaka kumtumia dhidi ya mama na kijana wa Pasaka, arudi akasome tena.

Na tusiende Ujerumani peke yake. Wimbo wa Pasaka uitwao Mfurahini, Haleluya uliandikwa miaka ya 1960 na Mchungaji Bernard Kyamanywa, akiwa mwanafunzi wa teolojia Makumira, kwa tuni ya hapahapa Tanzania. Leo Wajerumani wanao katika kitabu chao cha nyimbo, namba 116, na makanisa ya Marekani yanauimba kwa Kiingereza. Ulifika huko kwa kupokelewa na kupitishwa. Vivyo hivyo Howard Olson, mmisionari Mmarekani aliyefundisha Makumira, alikusanya tuni za Kiafrika kwa msaada wa wanafunzi waliozileta kutoka makwao, na Tumshangilie Mungu ikapatikana mwaka 1968. Tuni hizo zilitoka katika arusi, mavuno na mikesha ya watu ambao hawakuwahi kutoa stakabadhi. Yesu aliwaambia wanafunzi wake, katika Mathayo 10, kwamba walichopewa bure wakitoe bure. Kwaya iliyoichukua tuni ya babu zake bila malipo, ikaiwekea kinanda na kufuli, imeusoma mstari huo nusu.

Sasa tuje kwenye hoja yenye uzito, ambayo hatutaki kuipita kando. Kurekodi ni gharama. Studio hulipwa kwa saa, mpiga kinanda hulipwa, sare hushonwa, mpiga picha za video hulipwa, na gari la kuipeleka kwaya kwenye uzinduzi hujazwa mafuta. Mtenda kazi anastahili ujira wake, na 1 Timotheo 5:18 haisemi isipokuwa mwanakwaya. Tunakubali yote hayo. Lakini na tuulize gharama ile imetoka wapi. Imetoka kwenye changizo la usharika. Imetoka kwenye mnada wa baada ya ibada, ambapo mama mjane alileta mayai matano na mkungu wa ndizi, kisha akausikia mkungu wake ukipandishwa bei mara nne kwa ajili ya albamu ya kwaya. Huyo ndiye mdhamini wa albamu. Huyo ndiye tunayemwambia Jumapili inayofuata kwamba sekunde 30 za wimbo ule katika simu yake ni wizi. Amos aliwajua watu wa namna hii, walioimba vizuri huku wakimbana maskini. Asome anayependa, sura ya 5, mstari wa 23.

Wala hasara inayodaiwa haipo. Sekunde 30 haziwezi kuwa badala ya wimbo wa dakika sita. Wasomaji wetu wanaikumbuka hekaya ya Abunuwasi na tajiri aliyemshtaki maskini kwa kula mkate mkavu karibu na harufu ya mchuzi wake. Tajiri alidai alipwe, na Abunuwasi akamlipa kwa mlio wa sarafu: harufu ya chakula kwa sauti ya fedha. Kwaya inayodai malipo kwa mlio wa simu imekaa katika kiti cha tajiri yule. Kinyume chake, mlio ni mwito. Simu inaita katika daladala, abiria wa kiti cha nyuma anauliza, “Hiyo ni kwaya gani, dada?” Hapo albamu imepata mnunuzi, na usharika labda umempata mgeni. Chema chajiuza, lakini lazima kwanza kisikike.

Kuna jambo lingine ambalo tangazo halilioni kabisa. Kwaya zinazofika studio ni chache. Nyingi ni kwaya za mitaa, zenye watu kumi na wawili na kinanda kilichoazimwa, ambazo hazitatoa albamu hata siku moja. Nyimbo zao, zilizotungwa na mwinjilisti au na mama asiyejua kuandika noti, hazimo katika kitabu wala katika santuri. Zimo katika simu za waliokuwepo. Ndivyo ilivyo pia kwa tenzi za Kichaga, Kihaya na Kimeru ambazo siku hizi tunazisikia zaidi misibani, kwa sauti za wazee wanaozijua beti zote bila kitabu. Mjukuu anapoinua simu na kumrekodi babu, kisha akaikata beti moja iwe mlio wake, ameuhifadhi utenzi ambao kanisa halijauhifadhi. Babu akiondoka, sauti yake itaendelea kuita katika nyumba tatu au nne, na watoto watauliza maana ya maneno. Tangazo la marufuku likitiiwa kikamilifu, sauti hiyo itazikwa pamoja naye.

Tugeukie shtaka la pili, la kunajisi. Wanasema wimbo mtakatifu haustahili kulia gulioni kati ya dagaa na nyanya, wala usikatwe katikati ya jina la Bwana mtu anapopokea simu. Tunauheshimu woga huu kuliko hoja ya fedha, kwa kuwa unatoka katika kicho. Hata hivyo umeelekezwa mahali pasipo pake. Katika Kutoka 28, Mungu mwenyewe aliagiza kengele za dhahabu zishonwe katika pindo la joho la Haruni, zisikike aingiapo na atokapo. Utakatifu wa kengele zile haukupungua kwa sababu zililia kwa hatua za miguu ya mtu. Nasi tumefundishwa kwamba muuza samaki anamtumikia Mungu katika meza yake ya samaki kama mchungaji katika mimbari. Kama kazi yake ni wito, kuna ubaya gani wimbo wa Bwana ukiita pale anapofanyia kazi?

Ama jina la Mungu, Katekisimo Ndogo inaieleza Amri ya Pili kwa maneno ambayo mtoto wa kipaimara anayasema bila kutazama kitabu. Inataja kulaani, kuapa, uchawi, uongo na udanganyifu kwa jina hilo. Kupokea simu haikutajwa. Uongo umetajwa. Simu inaita kwa wimbo wa uaminifu wa Mungu, mwenye simu anaipokea na kusema, “Niko njiani, nimeshapita Ubungo,” na hata shuka hajaikunja. Simu inaita kwa wimbo wa msamaha, mwenye simu anatazama jina la mdai wake na kuizima. Hapo ndipo jina linapotajwa bure, na mlio hauna kosa. Kosa liko kwa mtu. Mhubiri anayetaka kuulinda wimbo usinajisiwe na ahubiri juu ya hayo. Atapata vichwa vingi vilivyoinama kuliko atakavyopata kwa tangazo la marufuku. Kuhusu baa, wimbo haukuingia baa wenyewe. Kama umemfuata mshirika wetu mpaka kule ambako mzee wa kanisa hajawahi kumfuata, tuushukuru.

Simu kuita katikati ya mahubiri ni jambo jingine. Hiyo ni adabu, na simu izimwe, iwe imewekewa utenzi au taarabu.

Sasa na tuulize ni nani hasa anayechukua nyimbo za sharika zetu. Ipo milio ya kusubiri, ile anayoisikia mpigaji kabla hajapokelewa, ambayo mwenye simu hukatwa salio kila kipindi ili aendelee kuwa nayo. Nyimbo za kwaya huifikia biashara hiyo kupitia madalali na mikataba. Kwaya husaini karatasi ambayo mwenyekiti ameisoma ukurasa wa kwanza na katibu hakuisoma kabisa, na wimbo uliotungwa kwa ajili ya sikukuu ya mavuno unakuwa mali ya mtu ambaye hajawahi kukanyaga usharika ule. Miaka ikipita, kwaya yenyewe haijui kama inaruhusiwa kuurekodi upya. Juu ya hilo hatujasikia tangazo. Mlango wa mbele uko wazi kwa mfanyabiashara, na dirisha limepigwa misumari dhidi ya mtoto wa nyumbani.

Tunachodai si kigumu. Kila kwaya inayozindua albamu ichague yenyewe vipande viwili au vitatu vya sekunde 30, ivikate vizuri, igawe bure siku ya uzinduzi kwa kila anayenyoosha simu yake. Vijana wanaojua kazi hiyo wapo katika kwaya ileile. Wapewe kwa heshima, kama wanavyopewa matarumbeta. Kila kipande kiwe na jina la wimbo, jina la mtunzi na jina la usharika, kama Luther alivyotaka, ili mbali kinakofika kijulikane kilikotoka. Nyimbo za ibada ya pamoja zirekodiwe na kurushwa bila kizuizi. Anayetaka kuuza, aje kwa baraza la wazee na alipe. Asiyetaka kulipa, afuatwe kwa sheria, naye ni yule wa kibandani. Mkataba wowote wa wimbo wa kwaya usomwe wote, kwa sauti, mbele ya baraza, kabla kalamu haijatolewa. Na kila usharika uwe na mtu mmoja wa kukusanya rekodi za mitaa na za wazee kutoka simu za washirika, kuzihifadhi mahali pawili, na kuandika nani aliimba, lini na wapi. Kazi hiyo haihitaji mfadhili. Inahitaji daftari na kijana mwaminifu.

Vyuoni tunawafundisha wachungaji wajao kwamba Neno hukaa kwa wingi ndani ya watu kwa zaburi, tenzi na nyimbo za rohoni, na Wakolosai 3:16 ndiyo mzizi wa somo hilo. Hatuwezi kuwafundisha hivyo darasani, kisha wakifika usharikani wakute kazi yao ya kwanza ni kuwatafuta washirika wenye wimbo katika simu. Kengele ya usharika ndiyo mlio wa zamani kuliko yote tulio nao. Inasikika kwa aliyetoa sadaka na asiyetoa, na hakuna mwekahazina aliyewahi kupita nyumba kwa nyumba kudai fedha ya walioisikia.

Kwa hiyo Jumapili ijayo, katibu wa usharika akilifikia tangazo lile katika karatasi yake, aliruke, asome linalofuata.